Koili Bandia Iliposhinda

Mwaka 2021 jarida la Biological Psychiatry lilichapisha matokeo ambayo watafiti wenyewe hawakuyatarajia. Wagonjwa 125 wenye maradhi ya kiwewe, yale ambayo madaktari huyaita PTSD, walikuwa wamegawanywa kwa kura katika makundi mawili. Kila mmoja alitakiwa kwanza kulirudia kwa muda mfupi, akilini, tukio lililomuumiza. Kisha akavikwa kofia yenye koili ya umeme ambayo kazi yake ni kupeleka mapigo ya sumaku ndani ya fuvu. Kundi la kwanza lilipata mapigo halisi. Kundi la pili lilisikia mlio na kuhisi mtikisiko, lakini hakuna nguvu ya maana ya sumaku iliyoufikia ubongo. Makundi yote mawili yalipata nafuu kubwa, ila waliopata nafuu zaidi ni wale wa koili bandia.

Ingekuwa rahisi kusema sumaku haifai na kufunga daftari. Lakini timu ya hospitali ya Hadassah, Jerusalem, iliyokuwa mstari wa mbele katika kazi hiyo, ilikuwa imechapisha mwaka 2013 jaribio dogo la watu 30 lililotumia wazo hilohilo, na humo walioongoza kwa nafuu ni wale waliopata sumaku halisi pamoja na kumbukumbu ya tukio. Kwamba wagonjwa hupata nafuu wakiketi chini ya koili halina ubishi tena. Kinachobishaniwa ni kitu gani hasa kinachowapa nafuu hiyo, na majaribio ya zaidi ya miaka ishirini bado hayajatoa jibu la kumridhisha mtu mwenye shaka. Mimi ni mmoja wa wenye shaka, ingawa shaka yangu haiko pale ambapo wengi wangeitarajia.

Maradhi yenyewe hayahitaji utangulizi mrefu kwa msomaji wa ukanda huu wa Afrika Mashariki. Yaliingia rasmi kwenye mwongozo wa magonjwa ya akili wa Marekani mwaka 1980, baada ya wanajeshi waliorudi kutoka Vietnam na waliowatetea kupiga kelele kwa miaka. Tukio humrudia mtu bila kuitwa, mchana na ndotoni. Hukwepa njia, watu na mazungumzo yanayomkumbusha. Hushtuka mlango ukibamizwa. Usingizi humkimbia, hasira huwa karibu, na furaha ya zamani humpotea. Baada ya bomu la ubalozi wa Marekani mjini Nairobi, tarehe 7 Agosti 1998, daktari Frank Njenga na wenzake waliwahoji watu 2,883 waliokuwa wameguswa na mlipuko ule. Asilimia 35 walikuwa na dalili za kiwango cha PTSD katika miezi ya mwanzo.

Tiba zipo, na zenye ushahidi mzito zaidi ni za mazungumzo: mgonjwa hulisimulia tukio tena na tena mbele ya mtaalamu mpaka lipoe, au huzichambua fikra ambazo tukio limezipanda ndani yake, kama vile kujilaumu. Kwa upande wa vidonge, mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, imeidhinisha viwili tu kwa maradhi haya: sertraline mwaka 1999 na paroxetine mwaka 2001. Tatizo ni kwamba tiba ya mazungumzo humtaka mgonjwa aende palepale anapopakimbia, kwa hiyo wengi huiacha katikati. Na wapo wanaomaliza kila kikao na bado hawalali. Hao ndio ambao mashine ya sumaku imeletwa kuwasaidia.

Msingi wa mashine ni ugunduzi wa Michael Faraday wa mwaka 1831 kwamba sumaku inayobadilika huzaa umeme kwenye kitu kinachopitisha umeme. Ubongo unapitisha umeme. Mwaka 1985 Anthony Barker na wenzake wa Sheffield, Uingereza, waliweka koili juu ya kichwa cha mtu aliye macho, wakaachia pigo moja, na mkono wake ukaruka wenyewe. Hakukuwa na kisu wala nyaya za kubandikwa kichwani. Wala tiba hii isichanganywe na ile ya shoti ya umeme inayotolewa mgonjwa akiwa amelazwa kwa dawa ya usingizi. Hapa mtu huketi akiwa macho, huzungumza, na akimaliza anaweza kujiendea kazini.

Siku ya kwanza huwa ya kupima. Mhudumu humpa mgonjwa vizibo vya masikio, kisha huisogeza koili taratibu upande wa kichwa, juu ya sehemu inayoongoza mkono, huku macho yake yakiwa kwenye kidole gumba cha upande wa pili. Anaachia pigo: ta! Kidole kimetulia. Anasogeza koili kidogo, anaongeza nguvu. Ta! Mpaka kidole kinatikisika bila mwenyewe kutaka. Halafu anaipunguza nguvu hadi afike mahali ambapo kidole huitikia mapigo kama matano kati ya kumi. Hicho ndicho kipimo cha mtu huyo, na dozi yake yote hukadiriwa kutoka hapo, kwa asilimia. Baada ya hapo koili husogezwa mbele, juu ya gamba la mbele la ubongo, nyuma kidogo ya paji la uso, na kwa PTSD mara nyingi huwekwa upande wa kulia. Pale hakuna kidole cha kutoa taarifa. Mhudumu anafanya kazi kwa ramani na kwa matumaini.

Matumaini hayo yanatokana na maelezo yanayopatikana karibu katika kila kijitabu cha kliniki. Ndani kabisa ya ubongo kuna amigdala, sehemu inayopiga kengele ya hatari. Gamba la mbele ndilo breki yake. Kwa mwenye kiwewe, tunaambiwa, kengele inalia mno na breki imelegea. Sumaku ya koili ya kawaida hufika sentimita mbili au tatu tu chini ya fuvu, kwa hiyo amigdala haiguswi moja kwa moja. Basi ichochewe breki iliyo karibu na uso, nayo ipeleke amri ndani kupitia njia za neva. Ni maelezo mazuri, yanaeleweka hata na mtu asiyesomea udaktari. Tabu huanza yanapokutana na majaribio.

Kawaida ya fani hii ni kwamba mapigo ya taratibu, moja kwa sekunde, hupooza sehemu inayopigwa, na ya kasi, kumi kwa sekunde au zaidi, huiamsha. Mwaka 2004 watafiti wa Beer-Sheva, Israeli, walichapisha jaribio la wagonjwa 24 ambamo mapigo kumi kwa sekunde upande wa kulia yaliwasaidia, na pigo moja kwa sekunde halikutofautiana na tiba bandia. Mwaka 2012 kundi la Bradley Watts, katika hospitali ya wanajeshi wastaafu huko Vermont, Marekani, lilitumia pigo moja kwa sekunde upande uleule wa kulia katika jaribio la watu 20, na waliopata mapigo halisi wakapata nafuu kuliko wa tiba bandia. Mahali ni pamoja, dawa mbili zinazodaiwa kutenda kinyume, na zote zimesaidia. Huenda kanuni ya kupooza na kuamsha ni ya juujuu mno. Huenda pia majaribio ya watu ishirini na kitu yanadanganya kwa bahati tu, maana penye watu wachache hivyo, wawili au watatu wakiamka vizuri wiki ya mwisho hesabu nzima hugeuka. Kwa vyovyote, anayesema breki imechochewa na kengele ikanyamaza anasema zaidi ya anachokijua.

Sasa tuje kwenye koili bandia, maana hapo ndipo ufundi wa kuipima tiba hii ulipo, na ndipo majaribio ya zamani yalipoteleza. Kidonge bandia ni rahisi kutengeneza: rangi ileile, ukubwa uleule. Mashine inayolia, inayogonga ngozi ya kichwa na wakati mwingine kulivuta jicho likonyeze bila hiari haiigiziki kirahisi. Hapo mwanzo watafiti waliikunja tu koili pembeni ili sumaku iende hewani. Mgonjwa makini angeweza kutambua. Siku hizi koili bandia hutengenezwa na viwanda: hulia sawasawa na halisi, na nyingine huwa na vipande vidogo vya umeme vinavyoichezesha ngozi ya kichwa ili mtu ahisi kitu. Mwendeshaji naye huwekwa gizani, mashine ikijichagulia yenyewe kwa kadi au namba. Mwishoni wagonjwa huulizwa: unadhani ulipata ipi? Wakipatia mno, jaribio limevuja. Agosti 2024 FDA iliikataa tiba ya dawa ya MDMA kwa PTSD, na moja ya hoja nzito katika mjadala ule ilikuwa hiyohiyo, kwamba karibu kila aliyemeza alijua amemeza nini.

Kadiri koili bandia inavyokuwa nzuri, ndivyo tofauti inavyopungua. Mwaka 2018 jarida la JAMA Psychiatry lilichapisha kazi ya Jerome Yesavage na wenzake katika hospitali za wanajeshi wastaafu wa Marekani. Walikuwa 164, wote wakiwa na sonona iliyogoma kusikia dawa, na wengi wao wakiwa na PTSD juu yake. Waliopona kabisa sonona kwa sumaku halisi walikuwa asilimia 41. Kwa sumaku bandia, asilimia 37. Kitakwimu hizo ni sawa. Kinachonigusa mimi ni kile kiwango cha 37. Hawa ni watu walioshindwa na dawa kwa miaka, na zaidi ya theluthi yao walisimama kwa kuketi chini ya koili isiyofanya kitu.

Isiyofanya kitu kwa upande wa sumaku, lakini fikiria anachokipata. Mwanajeshi mstaafu anayeishi peke yake, aliyezoea kulala mchana na kukesha usiku, anatakiwa afike hospitalini siku tano kwa wiki, kwa wiki nne hadi sita. Anaamka. Anaoga. Kuna mhudumu yuleyule anayemwita kwa jina, anayemuuliza amelalaje, na anayeandika jibu. Kuna mashine ya kisasa inayomwambia kimyakimya kwamba ugonjwa wake ni wa ubongo kama ulivyo ugonjwa wa moyo au figo, wala si uoga. Ukivichanganya vyote hivyo umepata tiba, hata kama hakuna kampuni inayoweza kuiwekea bei kwenye katalogi.

Hapo ndipo shaka yangu ilipo. Siamini kwamba mapigo ya sumaku hayafanyi chochote. Kidole gumba kinatosha kuthibitisha kwamba yanafanya. Wala matokeo yote hayaegemei upande mmoja. Noah Philip na wenzake wa Providence, Rhode Island, walichapisha mwaka 2019 jaribio la wanajeshi wastaafu 50 kwa mapigo yanayokwenda kwa mafungu ya haraka, mtindo unaofupisha kikao hadi dakika kama kumi. Baada ya wiki mbili waliopata sumaku halisi walikuwa wakiendesha maisha yao ya kazi na ya kijamii vizuri zaidi kuliko wenzao. Kwa dalili zenyewe za PTSD tofauti ilikuwa bado haijafikia kiwango cha kuhesabika. Ilionekana wazi katika kipimo cha mwezi mmoja, baada ya kipindi ambacho kila mtu alikwisha kupewa mashine halisi. Mtu ana haki ya kulisoma jaribio hilo kwa furaha au kwa tahadhari. Mimi nalisoma kama sababu nzuri ya kufanya jingine kubwa zaidi.

Jaribio ninalolithamini kuliko yote ni la Andrew Kozel na wenzake, lililochapishwa mwaka 2018, kwa sababu liliuliza swali dogo na la kweli. Halikuuliza kama sumaku inashinda utupu. Wanajeshi wastaafu 103 waliopigana vitani walipangiwa kwa kura, na wote walipewa tiba ya mazungumzo yenye ushahidi, ile ya kuchambua fikra. Kabla tu ya kila kikao, wengine walipata nusu saa ya mapigo ya taratibu upande wa kulia, wengine koili bandia. Wengi waliacha njiani, kama ilivyo kawaida ya wagonjwa hawa. Hata hivyo waliopata sumaku halisi walipungukiwa dalili zaidi, na faida hiyo ilikuwa bado ipo miezi sita baadaye. Sumaku hapa ilikuwa msaidizi wa mazungumzo, haikuja kuchukua nafasi yake.

Ukiliweka hilo kando ya lile la 2021 lililoshindwa, jambo moja linajitokeza. La Kozel lilipiga pembeni kulia, taratibu, kabla ya mgonjwa kuanza kuzungumza. La 2021 lilitumia koili ya aina nyingine, inayofika ndani zaidi na kugusa sehemu ya katikati ya gamba la mbele, na lilipiga mara tu baada ya kumbukumbu kuamshwa. Watafiti wake walikiri kwamba huenda mapigo yao yalivuruga kazi ambayo ubongo ulikuwa tayari unaifanya: kumbukumbu chungu inapofunguliwa mahali salama, ubongo hujifunza kwamba hatari imepita, na somo hilo linahitaji utulivu ili likae. Waliopata koili bandia waliachwa wajifunze. Kama dhana hii ni sahihi, basi sumaku inaweza kudhuru pamoja na kuponya, kutegemea dakika na sentimita. Kliniki inayotangaza kwamba mashine yake haina madhara isipokuwa maumivu ya kichwa ingefaa iisome kazi ile mara mbili.

Kuhusu sentimita, ushahidi wa kusisimua zaidi umetoka kwa watu ambao hawakuchagua kujaribiwa. Vita vya Vietnam viliacha wanajeshi waliopigwa risasi au vipande vya mabomu vikapenya ubongo, wakaishi, na wakafuatiliwa kwa miongo kadhaa. Mwaka 2008 Michael Koenigs, Jordan Grafman na wenzao waliwachunguza 193 kati yao. Wale 15 ambao amigdala yao iliharibika hawakuwa na PTSD, hata mmoja. Hilo linakubaliana na hadithi ya kengele. Lakini walioharibika sehemu ya chini na katikati ya gamba la mbele, yaani breki yenyewe, walikuwa na PTSD kwa asilimia 18 tu, huku wapiganaji wenzao ambao bongo zao hazikuumia wakikaribia nusu. Breki ikivunjika gari lilitakiwa likimbie zaidi. Halikukimbia.

Shan Siddiqi wa Boston na wenzake walizirudia picha za majeraha hayo kwa mbinu mpya, wakachapisha mwaka 2024 ramani ya mtandao wa neva ambao majeraha yaliyowakinga watu yanaungana nao. Unahusisha amigdala, katikati ya gamba la mbele na sehemu ya mbele ya pande za ubongo. Wakapekua pia rekodi za wagonjwa wachache wa PTSD waliowahi kupata sumaku, na waliofaidika zaidi walikuwa wale ambao mapigo yao yaliugusa mtandao huo kwa namna ramani ilivyotabiri. Ni mwanzo tu, ila ni mwanzo wa aina tofauti: mahali pa kuweka koili pamechaguliwa kwa kuangalia nani hakuugua, badala ya kuazimwa kutoka kwenye tiba ya sonona.

Maana ukweli ni kwamba sehemu kubwa ya tiba hii imeazimwa. FDA iliruhusu mashine kwa sonona mwaka 2008, kwa maradhi ya fikra na vitendo vya kujirudia mwaka 2018, na kwa kuacha sigara mwaka 2020. Kwa PTSD haijaruhusu. Mwongozo wa pamoja wa idara ya ulinzi na ile ya wanajeshi wastaafu wa Marekani, toleo la 2023, unasema ushahidi hautoshi kuipendekeza wala kuikataa. Daktari anaruhusiwa kuitumia kwa uamuzi wake, na kliniki za binafsi huitoza maelfu ya dola. Idara ileile ya wanajeshi wastaafu ilifuatilia watu 770 waliopata sumaku kwa sonona; kati ya waliokuwa pia na PTSD, karibu theluthi mbili walipungukiwa dalili kwa kiwango cha maana. Takwimu hiyo hupendwa sana kwenye matangazo. Hakukuwa na koili bandia.

Kwetu Afrika Mashariki na Kongo swali linakuja likiwa limevaa nguo nyingine. Baadhi ya majaribio muhimu ya tiba ya kiwewe duniani yamefanyika hapa, bila mashine. Katika kambi ya Imvepi, Uganda, wakimbizi 43 kutoka Sudan waligawanywa kwa kura. Waliosaidiwa kuisimulia historia yao yote ya maisha kwa mpangilio, kwa vikao vinne, ni asilimia 29 tu waliobaki na PTSD mwaka mmoja baadaye, dhidi ya karibu 80 kwa wengine. Baadaye huko Nakivale wakimbizi wenyewe, Wanyarwanda na Wasomali, walifunzwa kuitoa tiba hiyo kwa wenzao. Mwaka 2013 jarida la New England Journal of Medicine lilichapisha kazi ya Judith Bass na wenzake Kivu ya Kaskazini na Kusini: wanawake 405 walionusurika ubakaji, baadhi wakipewa tiba ya kuchambua fikra kwa vikundi, kwa lugha zao, na wasaidizi wa jamii walioelekezwa. Miezi sita baadaye, waliokuwa bado na dalili nzito za sonona au wasiwasi walikuwa asilimia 9, dhidi ya 42 kwa waliopewa msaada wa kawaida wa mtu mmoja mmoja. Tiba hiyo ndiyo ambayo Kozel aliiunganisha na sumaku.

Kwa hiyo likija pendekezo la kuijaribu mashine Bukavu, Gulu au Nairobi, na sioni kwa nini lisije, koili bandia peke yake haitatosha kuwa mshindani. Ishindanishwe na mama wa kijijini aliyefunzwa kuongoza kikundi, kwa bei sawa na kwa idadi sawa ya nauli, kwa sababu vikao thelathini vya kliniki ni safari thelathini. Halafu kuna orodha ya wasioruhusiwa. Hatari kubwa ya mashine ni kuchochea kifafa. Hutokea mara chache, chini ya mtu mmoja kwa kila elfu, lakini hesabu hiyo imetoka kwenye nchi ambako malaria ya kichwani na mabuu ya tegu wa nguruwe hayaachi makovu kwenye bongo za watu. Hapa wagonjwa wangepaswa kuchujwa upya kabla ya kupewa dozi iliyopangwa Marekani. Na chuma kichwani hakiruhusiwi kabisa: mtu aliyebaki na kipande cha bomu karibu na pale koili inapowekwa haingii hata kwenye kura.